Camaro ya 1969 iliyovalishwa rimu za inchi 20: tulichozitolea na tulichoweka

Gari lenyewe ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, milango miwili, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Si SS wala Z/28, yale matoleo ya michezo yenye jina. Ni moja tu kati ya Camaro 243,085 zilizotengenezwa za mwaka ule, na hilo lilitupa nafasi ya kuchagua. Z/28, ambazo zilikuwa 20,302, mtu huzirudisha jinsi zilivyotoka kiwandani hadi rangi ya nati, maana kila kitu cha kisasa kinachopachikwa kinampunguzia mwenye gari bei. Hili halikuwa na heshima hiyo ya kulindwa.

Mwenyewe ni Mkenya, nesi, anaishi viungani mwa Dallas, Texas. Alilinunua likiwa limeshavishwa rimu za kromu za inchi 20, matairi 245/35R20 mbele na 275/35R20 nyuma (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ubavu kwa asilimia ya upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi). Picha za tangazo zilimmaliza. Akilipeleka barabarani likawa gari jingine: tairi la nyuma kushoto lilikwaruza madigadi kila alipopakia watu wawili kiti cha nyuma, usukani ulitaka kurekebishwa muda wote kwenye barabara kuu, na kila kiungo cha daraja kilimfikia kiunoni.

"Fundi, mimi sitaki gari la makumbusho," aliniambia. "Nataka likae chini, lijae vizuri, lakini niweze kwenda Houston na kurudi bila kumeza dawa za mgongo. Na mwakani nataka kulitia breki kubwa mbele."

Watu wengi huanza na picha ya rimu. Yeye alianza na safari na breki, na maneno hayo machache yalifuta nusu ya katalogi kabla hatujaifungua.

Kwanza tulivua zilizokuwepo. Nyuma kulikuwa na spesa ya milimita 12 kati ya habu na rimu, lakini studi zilikuwa zilezile fupi za kiwandani, za inchi 7/16. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa studi yenyewe. Kwa studi ya 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, hiyo ni mizunguko tisa hivi. Hizi zilishika mitano. Gari lenye V8 na ekseli ya nyuma inayosukuma lilikuwa limebebwa na mizunguko mitano ya uzi, kwa sababu aliyefunga alitaka rimu itokeze nje kidogo ipendeze.

La pili lilikuwa matairi yenyewe. Kashata, yale meno ya tairi yanayoshika lami, zilikuwa nene, karibu mpya. Lakini mwisho wa namba ya DOT ubavuni palisomeka 1112, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2012, na ukiinamia karibu na rimu unaona nyufa nyembamba zimezunguka mpira. Haya ndiyo matairi yanayodanganya wenye magari ya kale kuliko yote, kwa sababu gari la wikendi halimalizi kashata. Mpira ndio unaokauka. Paul Walker alipofariki katika Porsche Carrera GT huko California, Novemba 2013, wachunguzi walitaja mwendo kuwa chanzo cha ajali, na pia wakataja kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Nikamwambia gari lisitoke tena gereji na matairi yale hata kwenda sheli. Hakubisha, nesi anajua maana ya kitu kilichopitwa na tarehe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 1969 Camaro SS ilitoka na matairi F70-14 na Z/28 ikatoka na E70-15. Herufi ilionyesha uwezo wa kubeba uzito, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, na namba ya mwisho ni rimu. Ukiyasimamisha yote mawili, yanafika karibu inchi 26 kutoka chini hadi juu. Inchi 26 hizo ndizo zilizochorewa uwazi wa madigadi, meno ya difu na waya wa spidomita. Kwa hiyo tairi lolote la leo nalipima kwa kipimo hicho kwanza. 235/60R15 lina inchi 26.1, limo. 275/35R20 lililokuwa nyuma lina inchi 27.6, yaani limezidi kwa asilimia sita. Spidomita ikisema 100 gari liko 106, na difu ya 3.31 (shafti huzunguka mara 3.31 gurudumu likizunguka mara moja) inafanya kazi kana kwamba ni 3.12, ndiyo maana mwenyewe alikuwa akilalamika kuwa V8 yake inaondoka kivivu. Injini haikuwa na tatizo lolote.

Linganisha na ubavu wa tairi. 235/60R15 lina milimita 141 za mpira kati ya rimu na lami. 245/35R20 lina 86. Springi za Camaro zilisanifiwa zikitegemea kwamba tairi nalo ni sehemu ya springi. Ukiondoa sentimita tano na nusu za mpira, kazi yake inahamia kwa shokapu, kwa bodi, na kwa dereva.

Tulikuwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ndiyo ninayoipenda mimi, sifichi: rimu za Rally za inchi 15 kwa 7, zenye pete ya kung'aa na kikombe katikati, na matairi 235/60R15 yenye maandishi meupe. Camaro ya mwaka huo ikivaa hivyo haihitaji kusifiwa. Ila soko la inchi 15 kwa upana huo limebaki dogo sana. Yanayojulikana zaidi ni BFGoodrich Radial T/A, ambalo daraja lake la mwendo ni S, kilomita 180 kwa saa, na Cooper Cobra Radial G/T lenye T, kilomita 190. Kwa mwendo halali wa Texas yanatosha na chenji inabaki. Shida ni kwamba ni matairi ya mandhari na safari tulivu. Ukifunga breki kwa nguvu kwenye mvua ndipo unapojua yamesanifiwa zamani. Na zaidi ya yote, breki anazozitaka mwakani zina diski ya inchi 12.8, ile iliyotumika kwenye Corvette C5, na diski hiyo pamoja na kalipa yake, kile kifaa kinachoibana, haiingii ndani ya rimu ya 15. Hapo mapenzi yangu yakaishia.

Ya pili, inchi 18. Matairi yake ni mengi kuliko yote na wauzaji ndiyo wanayoisukuma. Lakini mbele ungeweka 235/40R18 lenye ubavu wa milimita 94, ambayo ni nane tu zaidi ya lile lililokuwa linampiga kiunoni. Rimu ya 18 ina maana kwa mwenye diski ya inchi 14. Yeye hana na hataki.

Ya tatu ilikuja bila kuitwa. Kijana mmoja Mtanzania anayefanya biashara ya vipuri alimpa seti nzima ya rimu za BMW za inchi 17 kwa 8.5, bure kabisa. "Chukua tu kaka, matundu ni matano, zinaingia." Na kweli, ukiipachika kwenye habu ya Camaro inaingia. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu nimeona rimu za namna hii zikitembea barabarani.

Matundu ya BMW yale yamepangwa kwenye duara la milimita 120. Ya Camaro yako kwenye duara la inchi 4.75, ambayo ni milimita 120.65. Tofauti ya milimita 0.65 kwenye duara zima, theluthi moja ya milimita kwa kila studi. Jicho halioni. Nati ya koni inailazimisha rimu ikae, na unaposikia imekaza unadhani imekaa, kumbe studi imevutwa pembeni kidogo na uso wa koni umegusa upande mmoja tu. Baada ya kilomita kadhaa za joto na mtikisiko nati inaanza kulegea, au studi inachoka na kukatika. Tundu la katikati nalo ni milimita 72.6 wakati habu ya Camaro ni 70.3, kwa hiyo hata habu haisaidii kushikilia rimu katikati. Mzigo wote uko kwenye studi hizohizo zilizopindwa.

Tuseme mtu atatafuta adapta za kurekebisha duara. Bado kuna kina. Ilaze rimu kifudifudi, weka mti ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, pima kutoka mti hadi pale inapokalia habu. Hicho ndicho kina cha nyuma, na ndicho kinachosema tairi litaingia ndani kiasi gani. Rimu ya inchi 8.5 ina upana halisi wa inchi 9.5 ukihesabu kingo zake, nusu yake ni milimita 120 na kitu. Zile za BMW zilikuwa na ET41, yaani pale inapokalia habu pamesogea milimita 41 kwenda nje kutoka katikati ya rimu, kwa hiyo ongeza 41: kina cha milimita 162. Kama utakavyoona kwenye vipimo vinavyofuata, nyuma kulia tulikuwa na milimita 150 tu hadi kwenye springi. Rimu tupu ingegonga chuma kabla haijavaa tairi. Kijana alikubali, kwa shingo upande, kuzirudisha kwenye rafu yake.

(Angekuwa na Mustang ya enzi ileile mjadala ungekuwa mwingine kidogo. Duara lake ni milimita 114.3, sawa na Mark X na Harrier zinazojaa barabara za kwetu. Hata hivyo tundu la katikati na uzi wa nati si mamoja, kwa hiyo nako mtu asikimbilie.)

Ikabaki inchi 17. Inapitisha diski ya 12.8, ina matairi ya kisasa ya daraja la mwendo la W na kuendelea, na ubavu wake unabaki zaidi ya sentimita kumi. Lakini "inchi 17" bado si jibu. Jibu liko chini ya madigadi.

Vipimo tulivichukua gari likiwa limebeba uzito wake lenyewe juu ya magurudumu, ekseli ikiwa mahali pake pa kawaida, kisha tukarudia kwa kuinua ekseli kwa jeki ili kuona inapopanda inakaribia nini. Usipime gari likiwa linaning'inia. Ekseli ikishuka hadithi yote inabadilika. Nyuma kushoto, kutoka uso wa habu kwenda ndani hadi kwenye springi tulipata milimita 157, na kwenda nje hadi ukingo wa madigadi 132. Kulia, ndani 150 na nje 139.

Jumla ni 289 pande zote mbili. Ekseli ilikuwa imesogea kushoto kwa milimita saba hivi ukilinganisha upande na upande. Kumbe tairi la kushoto lilikuwa likikwaruza kwa sababu mbili zilizokutana: spesa, na ekseli isiyokaa katikati. Magari haya hayakuwahi kutoka kiwandani yamelingana kwa milimita, lakini saba ni nyingi. Tukakagua springi za nyuma, ambazo kwenye Camaro ni zile za mabapa yaliyopangwa, na bushi za mpira za mbele zilikuwa zimelika mpaka chuma kinaonekana. Zikabadilishwa. Tukapima upya: nje kushoto 135, nje kulia 136.

Mwenyewe alitaka 275/40R17 nyuma. Kila mtu anataka 275. Kwenye rimu ya inchi 9 yenye kina cha nyuma cha inchi 5.25, tairi hilo linachukua milimita 141 kwenda ndani na 129 kwenda nje. Inabaki milimita sita nje kwa gari lililosimama. Springi za mabapa huruhusu ekseli kusogea pembeni kidogo kwenye kona, na sita hizo zinaisha. Watu hutatua hilo kwa kukunja ukingo wa ndani wa madigadi kwa rola na moto. Inafanyika, na 1969 ina nafasi zaidi nyuma kuliko Camaro za 1967 na 1968. Lakini hili gari lilikuwa na rangi nzuri na sehemu ile kwenye magari ya umri huu mara nyingi imejazwa pati chini ya rangi, ukiikunja inapasuka. Nilikataa, na nilimwambia kwa nini.

255/45R17 kwenye rimu hiyohiyo linachukua 136 ndani na 124 nje. Zinabaki milimita 11 au 12 nje na zaidi ya 15 ndani. Urefu wake ni inchi 26.03. Nusura niruke: ni kipimo kilekile cha kiwandani, spidomita na difu vinarudi nyumbani bila kuguswa. Ubaya wake ni kwamba si saizi iliyojaa kila duka, kwa hiyo tulihakikisha kampuni zaidi ya moja inaitengeneza kabla ya kununua rimu. Huo ndio mpangilio ninaoufuata siku zote: tairi lipatikane, nafasi ipimwe, rimu iagizwe mwisho. Anayeanza na rimu hujikuta akitafuta tairi ambalo halipo.

Mbele tukaweka rimu ya 17 kwa 8, kina cha inchi 4.75, na 235/45R17. Urefu wake ni inchi 25.3, fupi kidogo kuliko la nyuma, na gari likapata ule mteremko mdogo wa kuinamia mbele unaolipendeza. Daraja la uzito ni 94, kilo 670 kwa tairi moja. Kwa gari la tani moja na nusu hakuna wasiwasi. Kabla ya kuagiza tulichukua kielelezo cha breki kubwa kilichochorwa na watengenezaji wake, tukakikata kwenye boksi na kukilinganisha na upande wa ndani wa spoki. Kipenyo cha rimu peke yake hakitoshi. Spoki iliyoinama ndani inaweza kugusa kalipa hata kwenye rimu ya 18.

Sura ya rimu aliichagua mwenyewe na sikumwingilia: spoki tano pana, kijivu katikati na ukingo unaong'aa, mtindo wa Torq Thrust ambao American Racing waliuanzisha miaka ya 1960. Camaro, Mustang na Chevelle zote zimeuvaa tangu ujana wao. Kromu alisema imemtosha.

Studi za nyuma zilizoteswa na spesa zote tulizitoa tukaweka mpya. Nati zilikuja na koni inayolingana na kiti cha rimu. Tulikaza kwa spana ya kipimo, futi-pauni 75, kwa mtindo wa nyota, na tukarudia kukaza baada ya kilomita themanini hivi, kwa sababu rimu mpya za alumini hujipanga.

Kisha alaimenti, na hapa ndipo ule usukani wa kuhangaika ulipopata dawa. Kiwanda kiliweka mlalo wa nyuma wa kingpini, yaani mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, karibu nusu digrii tu, kipimo kilichofaa matairi ya nyuzi za mshazari ya wakati ule na usukani usio na msaada. Tairi la radiali la leo linataka zaidi. Tukacheza na vibati vya mkono wa juu hadi tukafika digrii mbili na nusu, na kambo, yaani kuinama kwa gurudumu ndani au nje, tukaishusha chini ya sifuri kidogo. Fundi wa mashine ya alaimenti alikuwa tayari kuweka vipimo vya kitabu cha 1969. Ilibidi nimpe vyangu kwa maandishi. Upepo tulianza na psi 32 pande zote.

Gari likarudi Dallas. Tuliweka kila gurudumu kwenye mizani: la sasa ni jepesi kuliko la 20 kwa karibu kilo tano, na uzito huo ni ule unaorukaruka chini ya springi. Watu wawili nyuma, hakuna kukwaruza. Palibaki doa moja: ukikata usukani wote kushoto huku ukirudi nyuma, tairi la mbele linagusa pembe ya chini ya bati lililo chini ya bampa. Tuliirudisha ndani milimita chache kwa koleo, na kwenye jeki linapita. Houston amekwenda na kurudi, na simu aliyonipigia baada ya hapo haikuhusu mgongo. Aliuliza kama 275 kweli haiwezekani.

Ambalo hatujamaliza ni spea tairi. Ndani ya buti kuna rimu ya chuma ya inchi 14 iliyokuja na gari. Leo inaweza kufungwa na kumfikisha sheli ya jirani. Siku diski ya 12.8 itakapowekwa haitaingia mbele kabisa, na rimu ya tano ya 17 yenye tairi pana hailali vizuri kwenye nafasi ile ya buti. Kwa sasa anabeba pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuziba pancha, na tunatafuta spea nyembamba ya 17 yenye duara la 120.65. Kijana wa vipuri amepewa namba hiyo kwa herufi kubwa.